Miundo ya kujazwa hewa: Kazi ngumu iko kwenye mkunjo

Tarehe 26 Mei 2016, mwanaanga wa Marekani Jeff Williams alikuwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu akifungua na kufunga vali ndogo ya hewa. Upande wa pili wa vali hiyo kulikuwa na chumba cha kitambaa kiitwacho BEAM, kilichotengenezwa na kampuni ya Bigelow Aerospace kwa ajili ya Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA. Chumba hicho kilikuwa kimefika kikiwa kimekunjwa. Kazi ya Williams ilikuwa kukipa hewa kidogo kidogo mpaka kitanuke.

Alifungulia, akafunga, akasubiri, akarudia. Baada ya saa mbili hivi chumba kilikuwa kimerefuka kwa sentimita chache tu, ilhali shinikizo la hewa ndani yake lilikuwa limepanda kuliko wataalamu walivyokadiria. Kutoka duniani ikaja amri: simamisha kazi.

Siku mbili baadaye alijaribu tena. Safari hii ilimchukua zaidi ya saa saba, na vali aliifungua mara 25. Waliokuwa kituoni walisikia milio midogo midogo kutoka ndani ya chumba, kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Ilikuwa ni mishono ya kamba zilizoshikilia mikunjo ikiachia mmoja baada ya mwingine, kama ilivyokusudiwa. Mwishowe chumba kilichokuwa na urefu wa mita 2.16 na kipenyo cha mita 2.36 kilifikia urefu wa mita 4.01 na kipenyo cha mita 3.23. Nafasi ndani yake ikawa mita za ujazo 16.

Wengi wanapofikiria vitu vya kujazwa hewa huona kwamba kazi ni kupuliza. Kisa cha BEAM kinaonyesha vingine. Katika makala hii tunaeleza jinsi miundo hii inavyofanya kazi, mahali inapotumika angani na duniani, na kwa nini wahandisi wake hutumia muda mwingi zaidi kufikiria namna ya kukunja na kukunjua kuliko namna ya kujaza.

Kinachobeba mzigo ni kitambaa

Tuanze na tairi la baiskeli. Likiwa halina upepo, ni mpira laini unaokunjika mkononi. Ukilijaza, linabeba mtu mzima na gunia la mkaa. Je, ni hewa iliyombeba? Kwa sehemu tu. Hewa peke yake haina umbo na haiwezi kusimama mahali. Inachofanya ni kusukuma ukuta wa tairi pande zote, na ukuta huo unavutwa mpaka unakaza. Kitu laini kikishavutwa kikakaza, kinaweza kubeba mzigo. Kamba ya kuanikia nguo ni mfano mwingine: ikiwa imelegea haishiki hata shati, ikivutwa vizuri inashika blanketi lililolowa.

Kitambaa, plastiki na mpira ni hodari sana kwa kuvutwa, lakini havina nguvu kabisa vikibanwa. Ukivuta kipande cha turubai kwa mikono miwili kinakataa kurefuka. Ukikisukuma kutoka pande zote mbili kinajikunja tu. Hewa iliyofungiwa ndani hutatua tatizo hilo. Inakivuta kitambaa mapema, kabla mzigo haujafika, ili mzigo unapokuja kukibana, kwanza upunguze ule mvuto uliokuwepo. Mvuto ukiisha kabisa mahali fulani, kitambaa hapo hupata kikunyanzi, na muundo huanza kupinda. Mzigo ukiondolewa, kikunyanzi huondoka na umbo hurudi. Nguzo ya mbao ikizidiwa huvunjika na haifai tena. Bomba la hewa likizidiwa huinama, kisha linaweza kunyanyuka tena.

Mambo mawili huamua bomba la hewa litabeba kiasi gani: shinikizo la hewa iliyo ndani na unene wa bomba lenyewe. Unene ndio wenye nguvu zaidi. Ukiongeza shinikizo mara mbili, mzigo unaoweza kupinda bomba huongezeka mara mbili. Ukiongeza kipenyo mara mbili bila kubadili shinikizo, mzigo huo huongezeka mara nane. Ndiyo maana mahema makubwa ya hewa yana mabomba manene yenye shinikizo la wastani, si mabomba membamba yaliyojazwa kupita kiasi.

Lakini kuna gharama yake. Kadiri muundo unavyokuwa mpana, ndivyo kitambaa chake kinavyovutwa zaidi kwa shinikizo lile lile. Chumba cha BEAM hujazwa hewa ya kawaida ya kupumua, yenye shinikizo kama la usawa wa bahari, huku nje yake kukiwa hakuna hewa kabisa. Kwa kipenyo chake, kila mita moja ya upana wa ukuta huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban tani 16. Hiyo si kazi ya turubai la kawaida. Inahitaji tabaka za vitambaa vya nyuzi imara, kila tabaka na jukumu lake: moja kuzuia hewa isitoke, nyingine kubeba mvuto, nyingine kukinga chembe ndogo zinazoruka angani kwa kasi kubwa.

Kuna aina kuu mbili za miundo hii. Ya kwanza ni ile ambayo watu wako ndani ya hewa yenyewe inayoshikilia paa. Shinikizo lake ni dogo sana, lakini feni lazima zizunguke wakati wote, na milango lazima izuie hewa isikimbie. Ya pili ni ile yenye mabomba au kuta zilizojazwa hewa na kufungwa, huku watu wakiwa kwenye nafasi ya kawaida kati yake. Hapa shinikizo ni kubwa zaidi, na mlango ukiachwa wazi hakuna kinachoanguka. Mwingereza Frederick Lanchester, mhandisi wa magari, aliomba hati miliki ya hema la hospitali la aina ya kwanza mwaka 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wazo hilo, basi, lina zaidi ya miaka mia moja.

Puto la mita 30 ndani ya tufe la sentimita 66

Sababu ya kuhangaika na haya yote ni nafasi. Roketi ina kichwa chembamba. Lori lina bodi ya kipimo maalumu. Ndege ya mizigo ina mlango wake. Kitu kikubwa kinachoweza kukunjwa kikawa kidogo hupita mahali ambapo kitu kigumu cha ukubwa huo hakiwezi kupita.

Mfano maarufu ni setilaiti ya Echo 1, ambayo NASA iliirusha tarehe 12 Agosti 1960. Lilikuwa puto la plastiki lililopakwa alumini, lenye kipenyo cha mita 30.5, sawa na kimo cha jengo la ghorofa kumi hivi. Mawimbi ya redio yalitumwa kutoka kituo kimoja duniani, yakagonga puto hilo na kurudi kwenye kituo kingine. Kwetu sisi watu wa redio, hiyo ni hatua ya kukumbukwa: sauti ilitumwa kwa kuakisiwa na kitu kilichotengenezwa na binadamu kikiwa angani.

Plastiki yake ilikuwa na unene wa mikromita 12.7, karibu mara nane nyembamba kuliko karatasi ya ofisini. Puto zima lilifungwa ndani ya tufe la magnesi lenye kipenyo cha sentimita 66. Nafasi iliyo ndani ya puto likiwa limejaa ni karibu mara 100,000 ya ile ya tufe lililolibeba.

Swali lilikuwa: unakunjaje kitu kama hicho bila kukichana? Katika kituo cha NASA cha Langley, Virginia, mhandisi Ed Kilgore alipata wazo nyumbani kwake. Usiku mmoja wa mvua, mkewe alitoa kwenye mkoba kofia ya plastiki ya kujikinga na mvua. Ilikuwa imekunjwa ikawa ukanda mwembamba, lakini alipoivuta ilifunguka yote bila kukwama na kufunika nywele. Kilgore aliichunguza mikunjo yake, na namna hiyo ya kukunja ikawasaidia mafundi wa Langley kulifunga puto lao.

Hata hivyo, mkunjo mzuri haukutosha. Katika jaribio la tarehe 28 Oktoba 1959 puto lilipasuka lilipofunguka juu, na vipande vyake vilivyong'aa kwa mwanga wa jua vilionekana na watu wengi kwenye pwani ya mashariki ya Marekani. Tatizo lilikuwa hewa iliyobaki ndani ya mikunjo. Duniani, hewa kidogo iliyonaswa kati ya tabaka za plastiki haina madhara, kwa sababu hewa ya nje inaibana. Angani hakuna hewa ya nje. Ile kidogo iliyonaswa hutanuka ghafla na kulisukuma puto lifunguke kwa kishindo kabla ya wakati.

Wahandisi walijifunza kutoa hewa hiyo kabla ya kufunga, na kulijaza puto taratibu. Badala ya mtungi wa gesi walitumia unga unaogeuka kuwa gesi polepole ukipata joto la jua. Echo 1 ilikaa angani hadi Mei 1968, na watu wa mataifa mengi waliiona usiku kwa macho yao kama nyota inayotembea.

Njia ya kutokea iliyokunjwa

Wasovieti nao walikuwa na tatizo la nafasi. Walitaka kuwa wa kwanza kumtoa mtu nje ya chombo kikiwa angani. Chombo cha Voskhod 2 kilikuwa kidogo, na vifaa vyake vya umeme vilipozwa kwa hewa ya ndani, kwa hiyo hawangeweza kuiachia hewa yote ili kufungua mlango. Walihitaji chumba cha kati chenye milango miwili, na chumba kigumu cha namna hiyo hakikuenea kwenye roketi. Jibu likawa chumba cha kitambaa kiitwacho Volga, chenye mabomba ya hewa ukutani. Kilipakiwa kikiwa kimekunjwa na kujazwa baada ya kufika angani.

Tarehe 18 Machi 1965, Alexei Leonov alipita ndani yake akatoka nje na kuelea kwa takriban dakika 12. Chumba kilifanya kazi yake. Kilichomtia hatarini ni muundo mwingine wa hewa, yaani vazi alilovaa. Nje hakukuwa na hewa ya kulibana, hivyo vazi lilivimba na kukakamaa kwa kanuni ile ile tuliyoieleza juu ya tairi. Akashindwa kurudi ndani vizuri. Ilibidi apunguze hewa ya vazi lake mwenyewe, jambo la hatari, ili liwe laini na aweze kujipinda.

Katika siku hiyo moja, shinikizo lililolifanya Volga lisimame ndilo lililofanya vazi ligome. Mhandisi hawezi kuomba ugumu mahali pamoja na ulaini mahali pengine bila kuupanga kabla.

Miaka 36 baadaye, somo lile lile

Mtu angedhani kwamba baada ya Echo tatizo la mikunjo lilikuwa limekwisha. Tarehe 20 Mei 1996, kutoka kwenye chombo cha Endeavour, NASA ilijaribu antena ya kujazwa hewa: kioo cha duara chenye kipenyo cha mita 14 kikishikiliwa na mihimili mitatu ya hewa yenye urefu wa mita 28 kila mmoja. Mihimili ilisimama na antena ikaonekana waziwazi kutoka Endeavour. Hata hivyo, kufunguka kwake hakukufuata mpangilio uliotarajiwa, na kioo hakikufikia shinikizo lililohitajika kwa vipimo vyote.

Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni hewa iliyosalia ndani ya mikunjo, adui yule yule wa mwaka 1959. Ya pili ni nguvu iliyojificha ndani ya kitambaa chenyewe. Ukikunja kitu kwa kukibana, unakiwekea nguvu kama ya springi. Kifuniko kinapofunguliwa, nguvu hiyo inaachiwa kabla hata gesi haijaingia.

BEAM ilikutana na tatizo la kinyume chake. Ilikuwa imekaa ikiwa imekunjwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, muda mrefu kuliko ulivyopangwa, kwa sababu safari ya roketi ilicheleweshwa. Tabaka zake zikagandamana. Yeyote aliyewahi kutoa nyavu, turubai au godoro la sponji lililokaa stoo kwa miezi anajua: kitu kilichokunjwa muda mrefu hushika umbo la mkunjo wake. Hewa iliingia, lakini msuguano kati ya tabaka ulikataa kuachia. Lililosaidia ni subira. NASA ilitoa hewa iliyokuwa imeingia, ikaacha tabaka zilegee, kisha kazi ikaanza upya kwa hewa kidogo na mapumziko marefu.

Tukiweka visa hivi vitatu pamoja, tunaona kwamba mwaka 1959 mikunjo ilifunguka haraka mno, mwaka 1996 ilifunguka bila mpangilio, na mwaka 2016 ilikataa kufunguka. Kilichosumbua ni yale yaliyotokea kati ya siku ya kukunja na dakika ya kukunjua.

Duniani: hospitali kwenye uwanja wa mpira

Huku chini miundo hii ina faida ambayo mgonjwa anaweza kuigusa. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliharibu Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Hospitali nyingi zilianguka au zilipata nyufa, na watu waliogopa kulala ndani ya majengo ya zege kwa sababu ardhi iliendelea kutikisika. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, ambalo lilikuwa limetumia hospitali ya hewa nchini Pakistan baada ya tetemeko la Oktoba 2005, liliamua kupeleka nyingine Haiti.

Hospitali ilipakiwa kwenye ndege. Lakini ndege haikuruhusiwa kutua Port-au-Prince, ambako uwanja ulikuwa umejaa. Ilielekezwa Jamhuri ya Dominika, na mizigo ikamalizia safari kwa malori. Baada ya hapo mahema yalisimamishwa kwenye uwanja wa mpira wa shule, na tarehe 25 Januari wagonjwa wakaanza kupokelewa. Ilikuwa na vyumba vya upasuaji na vitanda vipatavyo 100.

Hapo tunaona thamani ya kitu kinachokunjika, na mipaka yake pia. Hospitali ya kujengwa kwa matofali huchukua miaka. Hii ilipita barabarani kwa lori na kusimama kwenye nyasi. Lakini kuwa nyepesi hakukuisaidia kuruka foleni ya uwanja wa ndege. Vilevile, hema la hewa ni ganda tu. Lazima yawepo maji, dawa, vitanda, jenereta, mafuta ya jenereta na watu wanaojua kazi. Katika nchi ya joto, kitambaa kinachozuia hewa isitoke huzuia pia upepo usiingie, na bila viyoyozi wagonjwa na madaktari huteseka.

Joto huathiri pia mabomba yenyewe. Tuseme hema limejazwa asubuhi ya nyuzi joto 15 na kufungwa, na shinikizo la ziada ndani ya mabomba ni theluthi moja hivi ya shinikizo la hewa ya nje. Mchana ukifika nyuzi 35, shinikizo hilo la ziada linaweza kupanda kwa zaidi ya robo bila mtu kuongeza hewa hata kidogo. Usiku linashuka tena. Kwa hiyo mabomba mazuri yana vali za usalama zinazopumua zenyewe, na mlinzi wa zamu anayepima hewa alfajiri na mchana.

Paa lililoshindwa na theluji

Aina ile ya kwanza, ya paa linaloshikiliwa na hewa ya ndani, iliwavutia sana wajenzi wa viwanja vya michezo baada ya maonyesho ya kimataifa ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Huko mhandisi David Geiger alifunika banda la Marekani kwa paa la kitambaa lenye urefu wa zaidi ya mita 140 lililobebwa na hewa. Kitu kama hicho kwa chuma au zege kingehitaji nguzo nzito na fedha nyingi.

Uwanja wa Metrodome mjini Minneapolis, uliofunguliwa mwaka 1982, ulifuata njia hiyo. Hesabu yake ni nyembamba. Shinikizo la ziada linalotosha kunyanyua paa la namna hii ni dogo kiasi kwamba mtu aliye ndani halihisi sana. Shinikizo la paskali 250, kwa mfano, hubeba takriban kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Theluji nzito yenye unyevu huweza kuwa na uzito mara kadhaa ya huo. Wafanyakazi walipaswa kuongeza shinikizo, kuyeyusha theluji kwa hewa ya moto na wakati mwingine kupanda juu kuiondoa.

Alfajiri ya tarehe 12 Desemba 2010, baada ya dhoruba kali, paa lilichanika na theluji ikamwagika uwanjani. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa uwanja ulikuwa mtupu. Mechi iliyokuwa ifanyike hapo ilihamishiwa mji mwingine. Haikuwa mara ya kwanza kwa paa hilo kushuka. Kwetu Afrika Mashariki theluji si tatizo nje ya vilele vya milima, lakini kanuni inabaki: muundo wa namna hii una akiba ndogo ya nguvu, na upepo mkali, maji ya mvua yaliyotuama au umeme kukatika vinaweza kuimaliza.

Kitundu kidogo

Adui mwingine ni kitundu. Wakazi wa Kenya huenda wanakumbuka maputo ya Loon, mradi wa kampuni mama ya Google, ambayo kuanzia Julai 2020 yalileta intaneti kwa kushirikiana na Telkom Kenya. Yalielea karibu kilomita 20 juu ya ardhi, yakiwa ya plastiki nyembamba iliyofungwa kabisa. Wakati wa kuyatengeneza, kitundu kisichoonekana vizuri kwa macho kilitosha kufupisha maisha ya puto. Wahandisi wake walieleza kwamba walichunguza hata soksi za wafanyakazi waliotembea juu ya plastiki kiwandani, na wakaona soksi laini zaidi zinapunguza uvujaji. Huduma hiyo ilisitishwa mwaka 2021 kwa sababu za kibiashara, si za kiufundi.

Kitundu hakimaanishi mlipuko. Hema lenye shinikizo dogo likitobolewa hushuka polepole, na watu hupata muda wa kutoka. Ndiyo maana mabomba hugawanywa vyumba vyumba: kimoja kikipoteza hewa, vingine vinabaki. Kinachotisha zaidi ni mchaniko unaokimbia, na hapo ubora wa kitambaa na mishono ndio unaoamua.

Kutua kwa kudunda

Mahali ambapo miundo hii imeshangaza wengi ni kwenye kutua. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilifika sayari ya Mirihi kikiwa kimezungukwa na mito ya hewa. Kilidunda angalau mara 15 kabla ya kutulia, kisha mito ikatolewa hewa na kuvutwa pembeni. Magari mawili ya utafiti, Spirit na Opportunity, yalitua kwa njia hiyo mwaka 2004. Lakini gari lililofuata, Curiosity, lilikuwa na uzito wa karibu kilo 900, mzito mno kwa mito hiyo. Mwaka 2012 lilishushwa kwa kamba kutoka kwenye mtambo wenye injini za roketi.

Sasa wahandisi wanajaribu ngao ya kujazwa hewa. Tarehe 10 Novemba 2022 NASA ilirudisha duniani ngao iitwayo LOFTID, yenye kipenyo cha mita 6. Ilipanda ikiwa imekunjwa, ikajazwa angani, kisha ikaingia kwenye anga la dunia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 25,000 kwa saa na kuangukia Bahari ya Pasifiki, ambako iliopolewa. Faida yake ni ile ile ya Echo: ngao pana kuliko roketi iliyoibeba. Kadiri ngao inavyokuwa pana, ndivyo chombo kinavyopunguza mwendo mapema, kabla joto halijawa kali mno.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Huenda msomaji wetu hatanunua chumba cha angani, lakini yumo kwenye kamati ya shule, kituo cha afya au shirika la misaada, na mtu amekuja na picha nzuri za hema la hewa. Kutokana na tuliyoyaeleza, haya ndiyo maswali yanayofaa.

Kwanza, je, feni lazima zizunguke muda wote, au mabomba yakishajazwa yanafungwa? Ikiwa ni feni, umeme ukikatika saa nane usiku kutatokea nini, na kwa dakika ngapi?

Pili, nani amekikunja na kukikunjua mara nyingi? Omba uonyeshwe kikitolewa kwenye mfuko na kusimamishwa na watu watakaokitumia, si na muuzaji. Kisha omba wakikunje tena na kukirudisha ndani ya mfuko ule ule.

Tatu, kinaweza kukaa stoo kwa muda gani kikiwa kimekunjwa, na kila baada ya muda gani lazima kifunguliwe, kipigwe upepo na kukaguliwa? Kitu cha dharura hukaa miaka kikisubiri siku moja, na siku hiyo si ya kugundua kwamba tabaka zimegandamana.

Nne, viraka na gundi vipo, na nani amefundishwa kuviweka? Tano, nanga za ardhini zinastahimili upepo wa kiasi gani? Kitu chepesi hubebeka kwa urahisi, na upepo nao huweza kukibeba.

Mtu akijibiwa maswali hayo vizuri, ana kifaa chenye manufaa makubwa. Akikosa majibu, ana turubai la bei ghali.

Chumba cha BEAM kilipangwa kukaa kituoni miaka miwili tu, kwa majaribio. Kampuni iliyokitengeneza iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wote Machi 2020, lakini chumba kiliendelea kubaki mahali pake. Kilionekana kustahimili kuliko ilivyotarajiwa, NASA ikaongeza muda, na wanaanga wakakigeuza stoo ya mizigo.